Kitambuzi cha gesi cha waya nano

Kitambuzi cha gesi cha waya nano ni kifaa kinachotambua gesi fulani hewani kwa kupima badiliko la umeme katika nyaya nyembamba mno. Unene wa nyaya hizo hupimwa kwa nanomita; nanomita 1 ni sehemu ya milioni ya milimita. Mfano unaojulikana vizuri ni waya wa paladi unaotambua hidrojeni.

Umuhimu

Hidrojeni haina rangi wala harufu, kwa hiyo mtu hawezi kujua kwamba inavuja. Ikifikia kati ya asilimia 4 na 75 hivi ya hewa, cheche ndogo yatosha kuiwasha. Hutoka hata katika betri za risasi na asidi zinapochajiwa. Ndiyo sababu vyumba vya betri huhitaji kupitisha hewa vizuri. Kitambuzi kinapaswa kutoa onyo kabla ya kufikia asilimia 4.

Jinsi kinavyofanya kazi

Molekuli za hidrojeni zikigusa paladi hugawanyika kuwa atomi, nazo hupenya ndani ya metali. Mwanakemia Mskoti Thomas Graham alieleza tabia hiyo mnamo 1866. Paladi iliyofyonza hidrojeni huvimba kidogo na ukinzani wake wa umeme huongezeka. Katika kipande kinene atomi huchukua muda kufika ndani. Waya nano una uso mkubwa ukilinganishwa na ujazo wake, hivyo hujibu haraka.

Mwaka 2001 Frédéric Favier, Reginald Penner na wenzao walieleza katika jarida la Science kitambuzi chenye safu ya nyaya nyembamba za paladi. Nyaya zilijengwa kwa njia ya umeme juu ya grafiti, kisha zikahamishiwa kwenye gundi. Zilikuwa na nyufa ndogo sana. Hidrojeni ilipoingia, paladi ilivimba, nyufa zikazibika na umeme ukapita kwa urahisi zaidi. Hapo ukinzani ulipungua, kinyume cha waya usio na nyufa. Badiliko lilitokea chini ya milisekunde 75, kwa hidrojeni ya asilimia 2 hadi 10. Gesi ilipoondolewa, nyufa zilifunguka tena.

Mipaka

Monoksidi ya kaboni hushika uso wa paladi na kuchelewesha jibu, na misombo ya sulfuri huweza kuuharibu. Joto pia hubadilisha ukinzani. Kwa hiyo kitambuzi huhitaji kukaguliwa mara kwa mara kwa gesi ambayo kiwango chake kinajulikana. Kikinyamaza, si lazima hewa iwe salama.