London Imerudi Kuwa Mbali

Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam na London zimeachana kwa kilomita zipatazo 7,500. Idadi hiyo haibadiliki. Muda wa safari ndio hubadilika, na si kila mara umepungua.

Mwaka 1937 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kurusha ndege za majini kati ya Southampton na Durban. Dar es Salaam ilikuwa kituo kimojawapo. Ndege hizo hazikuhitaji uwanja. Zilitua bandarini, kwenye maji yaleyale yanayopakana na Kurasini, Temeke. Abiria wa kwenda Uingereza alipitia Mombasa, Kisumu, Khartoum na Alexandria, usiku akilala hotelini, na kufika baada ya siku kadhaa. Abiria hawakuzidi 24, nao waligawana nafasi na mifuko ya barua. Kwa mtu aliyezoea kukaa melini kwa wiki nyingi, huo ulikuwa muujiza. Lakini njia ilichorwa kwa mahitaji ya dola la Uingereza. Mkazi wa Kurasini aliishia kuitazama ndege ikipaa.

Baada ya uhuru ikaja zamu yetu. East African Airways, mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilianza kutumia ndege za Super VC10 mwaka 1966, na London ikawa safari ya usiku mmoja. Makao yake, hata hivyo, yalikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika likafa nayo. Tanzania ikaanzisha Air Tanzania, na ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Nairobi, iliyo kilomita 670 hivi kutoka Dar, ikawa mbali kwa namna ambayo ramani haionyeshi.

British Airways iliendelea kutuunganisha na London moja kwa moja, kwa takriban saa kumi angani. Mwaka 2013 ikaacha. Tangu hapo msafiri huunganisha ndege. Akipitia Doha, kilomita 7,500 zinakuwa kama 9,000, bado hajahesabu muda wa kusubiri. Kijana wa Mbagala anayeondoka leo anaweza kuchelewa kufika kuliko baba yake aliyesafiri miaka ishirini iliyopita, ingawa injini ni bora zaidi.

Tena safari huanzia nyumbani. Ndege ya Zanzibar huruka kwa dakika zipatazo 20, ilhali kutoka Tegeta, Kinondoni, hadi uwanja wa Julius Nyerere, foleni ya siku ya mvua hula muda mara kadhaa ya huo. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa TAZARA mwaka 2018, lilimpunguzia msafiri dakika ambazo hakuna rubani angeweza kumpunguzia.

Kwa hiyo umbali wetu na dunia huamuliwa mezani kabla ya kuamuliwa angani: nani anamiliki ndege, nani anafunga mpaka, nani anaona njia ya Dar ina faida, na barabara ipi inajengwa kwanza.