Namba ya Injini, Jina la Dereva

Mwaka 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliunda injini 34 za mvuke za daraja la 59, zilizokuja kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kufikia 1980 zilikuwa zimeondolewa kazini.

Wapiga picha waliowahi miaka hiyo ya mwisho walituhifadhia namba na moshi wake. Namba 5918, Mount Gelai, ingali katika makumbusho ya reli Nairobi, ilhali mlima wenyewe uko Tanzania. Lakini katika picha nyingi nilizozipitia, dereva na msaidizi wake aliyetunza moto hawatajwi majina. Wastaafu hao wanazidi kututoka. Mwanafunzi ambaye babu yake alifanya kazi reli amwulize leo, na aandike.