Mtungi wa Nyanza Haukuhitaji Glezi

Anayepima ufinyanzi kwa glezi, ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya udongo motoni, atasema wafinyanzi wa Kisumu, Siaya na Homa Bay hawakufika mbali. Kipimo hicho hakifai, kwa kuwa ustadi wa huko ni wa kale. Mwaka 1948 Mary Leakey, Walter Owen na Louis Leakey walichapisha maelezo ya vyungu vya kale vya Siaya, vyenye kibonyo kitakoni na michirizi iliyochorwa kwa mkono mtulivu. Leo mtindo huo unaitwa Urewe. Kwa Waluo wanaoishi huko leo, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na mara nyingi bibi harusi hujifunza kwa mama mkwe wake. Udongo hupandishwa duara juu ya duara, hupambwa kwa kamba iliyosokotwa, kisha huchomwa peupe. Mtungi ukijazwa, maji hupenya polepole vinyweleo vya udongo, hufika nje, hukauka hewani na kuondoka na joto. Katika joto la Kisumu, hiyo ndiyo kazi yake kuu, na glezi ingeiua.

Mpinzani atasema nageuza upungufu kuwa sifa: moto wa nyasi na kuni haufikii kwa urahisi joto la kuyeyusha glezi, basi hawakuwa na la kuchagua. Kuhusu moto, yuko sahihi. Lakini tutazame Pwani. Miji ya kale ya Shanga na Gedi ilipokea bakuli zenye glezi kutoka Uajemi na China kwa karne nyingi, watu wakazithamini hata kuzipachika kwenye misikiti na makaburi. Hata hivyo, vigae vingi vilivyochimbwa huko ni vya vyungu vya kienyeji visivyo na glezi. Walioijua glezi vizuri waliendelea kupikia na kuhifadhia maji katika udongo mtupu.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 bidhaa za viwandani zilipata njia, na sufuria ikakishinda chungu jikoni, sikatai. Mtungi wa maji ulibaki. Mradi wa maji salama wa shirika la CARE huko Homa Bay, mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwaomba wafinyanzi wa huko waufinyange kwa mdomo mwembamba na bomba, kwa kuwa watu walipenda maji yake ya baridi. Anayetaka kuwasaidia wanawake hawa leo asianze kwa kuwaletea tanuri za glezi. Awatafutie soko la mtungi walionao.