Ifahamu nyumba ya lodi iliyogeuka makazi ya watu 100

Kwa nje, nyumba namba 14 mtaa wa Henrietta, Dublin, ni ukuta wa matofali na madirisha marefu, basi. Ndani yake kuna historia ya jiji hilo kuu la Ireland kwa karibu miaka 300: utajiri na ufukara chini ya paa moja.

Ilijengwa lini?

Mwishoni mwa miaka ya 1740, na tajiri Luke Gardiner. Ni enzi ya wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, waliofuatana kuanzia 1714 hadi 1830. Majengo ya wakati huo huitwa Georgian kwa sababu yao.

Wa kwanza kuishi humo alikuwa Lodi Richard Molesworth na familia yake. Wao walikaa kwenye kumbi kubwa, watumishi wakafanya kazi chini.

Mambo yaligeukaje?

Mwaka 1801 Bunge la Ireland lilivunjwa, mamlaka yakahamia London. Matajiri wengi nao wakaondoka. Nyumba ikawa mahakama, kisha ikakaliwa na wanajeshi.

Mwaka 1877 Thomas Vance aliinunua, akaondoa ngazi kuu na kuigawa sehemu 19 za kupangisha. Nyingine zilikuwa chumba kimoja tu: humo humo kupika, kula na kulala familia nzima.

Sensa ya 1911 ilikuta watu 100 kwenye nyumba iliyojengwa kwa familia moja.

Imeokolewaje?

Wapangaji wa mwisho walihama mwishoni mwa miaka ya 1970, na jengo likachakaa vibaya. Nyumba nyingi za aina hii zilibomolewa Dublin karne iliyopita. Hii iliponea chupuchupu, baada ya Halmashauri ya Jiji kuichukua na kuifanyia ukarabati wa miaka kadhaa.

Hapo likaja swali: irudishwe ilivyokuwa enzi za lodi, na alama za wapangaji zifutwe?

Jibu lilikuwa hapana. Mapambo ya plasta ya matajiri yamehifadhiwa, lakini pia rangi nyekundu na bluu ya ngazi za wapangaji, na mabaki ya karatasi zao za ukutani. Waliowahi kuishi humo walitoa kumbukumbu zao.

Tangu Septemba 2018 nyumba hiyo ni makumbusho. Anayeitembelea leo anaoneshwa ukumbi wa lodi, na chumba cha mpangaji pia.