Shokapu za Honda Ndogo, 1959 hadi 1961

Tarehe 3 Juni 1959, Honda ilishindana kwa mara ya kwanza katika TT, mbio za pikipiki za Kisiwa cha Man, kisiwa kilichopo kati ya Uingereza na Ireland. Pikipiki ilizoleta zilikuwa za cc 125, na tofauti yake ilionekana kabla hazijawashwa. Mbele hazikuwa na zile shokapu za bomba, bomba likiteleza ndani ya bomba, tulizozizoea leo kwenye bodaboda. Gurudumu lilibebwa na vikono viwili vifupi vilivyofungwa chini ya miguu ya chuma, vikipanda na kushuka kila tairi linapokutana na shimo au tuta. Aliyewahi kuendesha Honda C70 au C90 anaujua mtindo huu: ukibana breki ya mbele, pikipiki hainami, bali hujiinua kidogo.

Haukuwa mtindo wa kubeza. Soichiro Honda alipofika kisiwani humo mwaka 1954, baada ya kutangaza kwamba kampuni yake itashiriki, alizikuta NSU za Ujerumani zikitawala, nazo zilikuwa na vikono vya namna hiyo mbele. Kilichomshtua ni injini. Kwa ukubwa uleule, za wenzake zilitoa nguvu takriban mara tatu ya zake. Akarudi Japani kutafuta nguvu, na kwa miaka mitano akili ya kampuni ikaelekezwa huko. Uwanja wao wa nyumbani, Asama, ulikuwa wa majivu ya volkano. Huko dereva hujifunza kuacha gurudumu liteleze. Hajifunzi kulaza pikipiki kwenye kona ya lami.

Wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kupata somo jingine. BMW ilikuwa imeweka shokapu za bomba zenye oili kwenye R12 tangu mwaka 1935. Mwaka 1950 Norton ikaingia TT na fremu mpya iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast: mbele shokapu za bomba, nyuma mkono unaocheza juu ya shokapu mbili. Injini ilikuwa ileile kuukuu ya silinda moja, lakini Norton ilizoa nafasi tatu za kwanza katika mbio za Senior, daraja la pikipiki kubwa, ikazizoa tena katika Junior, daraja linalofuata. Mwaka uliofuata Geoff Duke akawa bingwa wa dunia wa cc 500 mbele ya Gilera zenye silinda nne. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote katika historia hii: fremu na shokapu ziliifanya injini iliyozeeka ishinde.

Honda ya 1959 haikuaibika. Naomi Taniguchi alimaliza wa sita, Giichi Suzuki wa saba, Teisuke Tanaka wa nane, na timu ikapewa zawadi ya timu bora. Hata hivyo, kampuni haikulewa sifa. Mwaka 1960 ilirudi na pikipiki nyingine kabisa, RC143: fremu mpya, injini iliyolazwa mbele, na shokapu za bomba mahali pa vikono. Safari hii mbio za cc 125 zilikuwa kwenye barabara ya mlimani, yenye mzunguko wa kilomita 60 hivi, na Taniguchi akamaliza wa sita tena. Matunda yakaja tarehe 12 Juni 1961. Siku hiyo moja Mike Hailwood alishinda cc 125 na cc 250, na katika mbio zote mbili nafasi tano za kwanza zilikuwa za Honda. Miongoni mwa waliomfuata alikuwamo Jim Redman, aliyehamia Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Vitabu vingi huzipa injini ushindi huo, na ni kweli injini zilikuwa za ajabu, na madereva walikuwa bora. Lakini pikipiki yenye nguvu za farasi 18 hivi, kama Honda ya 1959, ikipoteza kasi kwenye kona huchukua muda mrefu mno kuirudisha. Kubwa inaweza kukosea kona na kufidia kwenye mstari ulionyooka. Ndogo haina pa kufidia.

Jambo hilo halijabadilika. Kawasaki Ninja 250R ya mwaka 2008, ambayo wengi wameichezea viwanjani, mbele ina shokapu za milimita 37 ambazo ndani yake oili hupita kwenye vitundu visivyobadilika. Zikisogea polepole, oili hupita kirahisi na springi hubaki ikirukaruka. Zikigongwa ghafla, oili hukwama na tairi huruka badala ya kushika lami. Dawa waliyoipata mafundi, maarufu zaidi ikiwa ile ya Race Tech ya California, ni valvu ndogo inayokaa juu ya vitundu hivyo, ikibana mwendo wa polepole na kufunguka pigo likiwa kubwa. Springi nazo hubadilishwa zifuate uzito wa dereva, kwa sababu za kiwandani hupangwa kwa matumizi ya barabarani, zikawa laini mno kwa breki za uwanjani. Nyuma huwekwa shokapu inayoweza kurekebishwa, na hapo Öhlins ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1976, imejijengea jina.

Vijana wetu wengi wakipata fedha ya kuiandaa pikipiki ya cc 125 au 150 hukimbilia pistoni kubwa na kabureta. Ninawasihi waanze na shokapu. Waondoe oili ya zamani, wabadilishe oilisili zinazovuja, watafute springi za uzito wao, wapime pikipiki inazama milimita ngapi dereva akikaa, kisha waingie uwanjani na kuhesabu sekunde kabla ya kuigusa injini.