Upashaji joto wa injini ya ndege

Upashaji joto wa injini ya ndege ni kazi ya kuongezea joto injini ya pistoni kabla ya kuiwasha kwenye baridi kali. Lycoming ya Marekani huutaka kwa injini zake nyingi zikipoa chini ya nyuzi -12 za Selsiasi.

Oili iliyoganda kwa baridi huchelewa kufika kwenye beringi. Alumini ya kasha la injini nayo husinyaa kuliko chuma cha shafti, nafasi ya oili ikabana. Injini huweza kuwaka vizuri na bado ikalika vibaya ndani ya dakika za mwanzo.

Marubani wa zamani wa Alaska walimwaga oili jioni ingali moto, wakailaza karibu na jiko, na alfajiri wakawasha jiko jingine chini ya turubai lililofunika injini, kazi ya hatari iliyohitaji mlinzi. Siku hizi hita za umeme hubandikwa kwenye sampu na silinda.

Injini ikishawaka, presha ya oili isipoonekana ndani ya sekunde 30 hivi, huzimwa.