Turbo Moja, Nguvu Mbili

Wasee wa Mutomo, tangu lami ya kutoka Kibwezi ifike, kila mtu anaota turbo. Kabla hujauza ndengu zote, sikia historia hii.

Mwaka 1988, zaidi ya watu 10,000 walikufa barabarani Japani. Wakiihofia serikali, mwaka uliofuata watengenezaji walikubaliana kimyakimya: gari la kuuzwa kwao lisipite hospawa 280. Haikuwa sheria. Ndio maana Toyota Supra ya 1993 iliandikwa 280 Japani na 320 Marekani, injini ni ileile ya lita 3. Ya Marekani ilipewa turbo za chuma na injekta kubwa zaidi. Ya Japani ilikuwa na turbo za kauri. Kimya hicho kilivunjwa 2004, Honda Legend ilipotangaza 300.

Mafuta nayo yana mambo yake. Turbo nyingi kali za Japani zilipangiwa petroli ya oktani karibu 100. Yetu ya kawaida haifiki huko. Injini ikigonga, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inashuka. Ukizidi kuikanyaga, pistoni inapasuka, na ndengu za msimu mzima zimeenda.

So usiulize tu "ina hospawa ngapi?" Uliza ilitengenezewa soko gani, na inakunywa mafuta gani.